Funguo za ruta zisibaki mfukoni mwa fundi

Mfanyabiashara wa Tunduma akijengewa ghala la mahindi, siku fundi anapomaliza kufunga mlango hupokea funguo zote mkononi, na kama ana shaka na fundi huyo hununua kufuli jingine jioni ile ile. Hakuna anayemfundisha kufanya hivyo. Lakini mfanyabiashara huyo huyo akiingiza intaneti nyumbani, nyumba ambayo mara nyingi ndiyo duka na ndiyo ofisi, humlipa kijana aliyekuja kuiunganisha, huangalia kama taa zinawaka, kisha humsindikiza hadi barabarani. Funguo za kisanduku kile huondoka na kijana.

Kisanduku hicho ni ruta, na funguo zinazozungumzwa hapa ni neno la siri la kufungulia mipangilio yake ya ndani. Wengi hudhani mipangilio hiyo ni mambo ya wataalamu wa kompyuta. Sivyo. Ni sehemu ya ulinzi wa mtaji, sawa na kufuli la ghala na daftari la madeni, na mwenye mali anapaswa kuifungua na kuibadilisha yeye mwenyewe kabla hajaanza kupitishia fedha zake humo. Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja.

Umuhimu wa jambo hili katika mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Tunduma inatazamana na Nakonde ya Zambia, na tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa Oktoba 2019 karatasi nyingi za mizigo zimehamia kwenye kompyuta. Wakala wa forodha hutuma nyaraka kwa mfumo wa TANCIS, mnunuzi wa Dar es Salaam hutaka kuona picha ya mzigo kabla ya kulipa, na benki hutuma taarifa za akaunti kwa simu. Hata katika kata kama Ikinga, wilayani Ileje, mwenye duka la pembejeo au mnunuzi wa kahawa anayeishi nyuma ya duka lake hutegemea kisanduku hicho kimoja kwa bei za soko, kwa malipo, kwa kamera ya mlangoni na kwa masomo ya watoto. Vyote vinapita mlango mmoja.

Mawimbi hayajui mpaka

Tatizo la kwanza la watu wa mpakani halipatikani Morogoro wala Dodoma. Nje ya miji mikubwa ruta nyingi si za waya bali ni zile zinazowekwa laini ya simu ndani, na laini hiyo hutafuta mnara kama simu yoyote. Ruta ikiachwa katika mpangilio wa kiwandani, ambao ni kujichagulia mtandao yenyewe, na ikawa imepewa ruhusa ya kutumia mitandao ya nchi za nje, inaweza kushika mnara wa Nakonde pale Tunduma, au mnara wa Malawi kwa wakazi wa Ileje walio karibu na mto Songwe. Mawimbi hayasimami forodhani kulipa ushuru. Anayelipa ni mwenye laini, kwa viwango vya mtumiaji aliye nje ya nchi, ingawa amekaa sebuleni kwake na hajavuka popote.

Zambia na Malawi si wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo nafuu yoyote ya gharama za simu inayopatikana ndani ya jumuiya hiyo haivuki daraja la Songwe. Dawa iko ndani ya ruta yenyewe na haigharimu kitu. Katika ukurasa wa mtandao wa simu pana sehemu mbili: moja ya kuzima matumizi ya data nje ya nchi, nyingine ya kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia ruta. Ya kwanza izimwe. Ya pili iwekwe kwenye jina la kampuni ya Tanzania yenye laini hiyo. Mfanyabiashara aliyeona kifurushi cha mwezi kikiisha katika wiki moja na kwenda kugombana na wakala angeanzia hapo.

Papo hapo pana tarakimu nyingine yenye faida. Ruta nyingi za laini huonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi iitwayo RSRP. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: hasi 80 ni nzuri, hasi 110 ni dhaifu. Kwenye vilima vya Ileje kusogeza kisanduku kutoka chini ya kaunta hadi dirisha linalotazama mnara kunaweza kubadilisha namba hiyo sana. Mtu aangalie namba kwanza, asogeze, aangalie tena. Wapo wanaonunua antena ya nje kabla ya kujaribu dirisha.

Maneno mawili ya siri

Ruta ina maneno mawili ya siri, na mkanganyiko kati yao ndio chanzo cha uzembe mwingi. La kwanza ni lile la Wi-Fi, ambalo mteja, jirani na mtoto wa shule hulijua. La pili ni la kuingia katika mipangilio. Ili kuufikia ukurasa wa mipangilio mtu hufungua kivinjari katika simu au kompyuta iliyounganishwa na ruta hiyo, kisha huandika anwani iliyobandikwa chini ya kisanduku. Ruta nyingi za laini za Huawei hutumia 192.168.8.1, nyingine nyingi hutumia 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ukurasa ukifunguka na kukubali neno "admin" kama jina na "admin" tena kama neno la siri, mwenye nyumba ajue kwamba kila aliyewahi kupewa Wi-Fi yake angeweza kuingia humo pia.

Hapa ndipo mafundi wanapostahili kulaumiwa, ingawa si wote. Kauli ya kawaida ni hii: "Shikamoo mama, usihangaike, neno la siri nimelihifadhi mimi, ukipata shida nipigie." Imesemwa kwa heshima, na huenda kwa nia njema. Lakini ina maana kwamba kijana aliyefunga ruta 40 kuanzia Vwawa hadi Isongole anashika funguo za nyumba 40, pengine kwa neno moja la siri kwa zote kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Siku simu yake ikiibiwa stendi, au siku akikosana na mteja juu ya malipo, nyumba 40 ziko wazi. Mfanyabiashara asiyekubali mpagazi akae na ufunguo wa ghala hana sababu ya kukubali hili. Fundi alipwe ujira wake, na kabla hajaondoka neno lile libadilishwe na mwenye nyumba, liandikwe katika daftari linalokaa pamoja na leseni ya biashara.

Na kama fundi wa mwanzo amehamia Mbeya na hapatikani tena, basi pana tundu dogo nyuma ya ruta. Likibonyezwa kwa sindano sekunde 10 hivi, ruta hurudi kama ilivyotoka kiwandani, na neno la siri la kibandikoni hufanya kazi tena. Baada ya hapo jina la Wi-Fi na mipangilio mingine huwekwa upya. Kwa ruta za laini, mara nyingine hata lile jina la kuunganishia, APN, linapaswa kuandikwa tena. Wakala wa kampuni ya simu hulitoa bure.

Kwa upande wa Wi-Fi pana mambo matatu tu. Ulinzi uwe WPA2, au WPA3 kama ruta inao. Ule wa zamani wa WEP ulivunjwa na watafiti tangu mwaka 2001 na bado huonekana katika orodha ya ruta kuukuu. Neno la siri liwe refu, liwe sentensi nzima kama mtu anapenda, lisiwe namba ya simu iliyoandikwa kwenye kibao cha duka. La tatu halijulikani sana: kitufe cha WPS kizimwe. Njia hiyo ya kuunganisha kwa namba yenye tarakimu 8 ilionekana salama kwa kuwa michanganyiko ingekuwa milioni 100. Desemba 2011 ikabainika kwamba ruta huikagua namba hiyo kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, hivyo majaribio yanayohitajika hayazidi 11,000. Kompyuta ndogo iliyoachwa usiku kucha chumba cha jirani inayamaliza.

Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokamilishwa, na laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, laini iliyo ndani ya ruta ina jina la mtu. Jirani aliyejichomeka kimya kimya akaitumia kutapeli watu, anayeanza kutafutwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ni mwenye laini. Pengine atajinasua. Lakini siku za kujieleza polisi ni siku za duka kufungwa.

Kamera ya mlangoni

Wafanyabiashara wengi siku hizi wamefunga kamera, na jambo hilo ni zuri. Tatizo huanza pale mwenye duka anapotaka kuiona kamera akiwa safarini, Lusaka au Dar es Salaam. Fundi humwambia kwamba itabidi afunguliwe mlango katika ruta, yaani watu wa nje waruhusiwe kupita moja kwa moja hadi kwenye kamera, na hutoza fedha kwa kazi hiyo.

Kwa ruta za laini za simu, fedha hizo mara nyingi ni za bure kabisa. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima na zimekwisha gawiwa, hivyo kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mlango uliofunguliwa katika ruta ya nyumbani haufiki nje, kwa sababu juu yake kuna mlango mwingine wa kampuni ambao mteja hana ufunguo wake. Kuthibitisha ni rahisi: katika ukurasa wa hali ya ruta mtu atazame anwani iliyopewa kutoka nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ni ya kuchangia, na fundi anayedai malipo ya kufungua mlango ama hajui au anajua.

Kwa wenye faiba au anwani yao wenyewe, mlango utafunguka kweli, na hiyo ni hatari kubwa zaidi. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka dunia kikijaribu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani, yapatayo 60 tu, kwenye kamera na ruta zilizokuwa wazi. Hakikuhitaji ujuzi mwingine. Kilikusanya vifaa kwa malaki, na Oktoba 21 mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, mitandao mikubwa kama Twitter na Netflix ikawa haipatikani kwa saa kadhaa. Mwezi uliofuata aina nyingine ya kirusi hicho iliwakatia huduma wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani.

Wasomaji wa kurasa za biashara watapendezwa zaidi na chanzo chake. Waliokitengeneza hawakuwa majasusi. Walikuwa vijana watatu wa Kimarekani waliokiri makosa katika mahakama ya Alaska Desemba 2017, na mwanzo wa mambo yao ulikuwa ushindani wa soko: kuangusha seva za washindani katika biashara ya mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft. Wawili kati yao waliendesha kampuni iliyouza kinga dhidi ya mashambulizi ya aina hiyo hiyo. Ni kama muuza vitasa anayezunguka mtaani usiku akivunja milango.

Kwa hiyo milango isifunguliwe. Sehemu iitwayo DMZ, ambayo huweka kifaa kimoja nje ya ulinzi wote, iachwe imezimwa. UPnP, ambayo hukiruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia mlango bila kuomba, izimwe pia. Usimamizi wa ruta kutoka nje uzimwe. Anayetaka kuona kamera akiwa mbali atumie programu ya mtengenezaji wa kamera, yenye neno la siri lake mwenyewe. Njia ya VPN ni salama kuliko hiyo, lakini Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaotumia VPN wajisajili, hivyo mwenye biashara asiiwashe katika ruta kabla ya kumaliza suala hilo.

Na gharama itazamwe pia. Kamera inayorusha picha kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hutumia karibu gigabaiti 0.9 kwa saa. Kwa siku nzima ni zaidi ya gigabaiti 21. Mwenye duka wa Ikinga anayelipa kwa kifurushi hawezi kuimudu kamera inayorusha mchana na usiku. Aipange irekodi kwenye kadi yake ya ndani na itume picha pale tu inapoona mtu akitembea.

Kitabu cha majina

Hatari inayogusa fedha moja kwa moja iko mahali ambapo wachache hutazama, nayo ni DNS. Mtu anapoandika jina la benki yake, kompyuta haijui benki hiyo iko wapi. Huuliza kitabu cha majina, hupewa namba, ndipo huenda. Ruta ndiyo inayoviambia vifaa vyote vya nyumbani vitumie kitabu kipi. Aliyeingia katika mipangilio akabadilisha mstari huo mmoja anaweza kuipeleka nyumba nzima kwenye benki bandia huku jina lililoandikwa likiwa sahihi kabisa.

Hili si la kubuni. Nchini Brazili mwaka 2011 wezi walibadilisha mstari huo katika modemu zipatazo milioni 4.5 za majumbani na za biashara ndogo, wakitumia kasoro iliyokuwamo ndani yake. Simu na kompyuta za watu hazikuwa na kirusi. Waliosafisha kompyuta zao mara kumi walirudi kwenye mtego ule ule, kwa kuwa mtego ulikuwa katika kisanduku cha ukutani.

Haki itendeke kwa kusema ni nini kisichoguswa. Wakala wa fedha anayetuma na kupokea kwa kupiga namba za nyota na reli hapiti kwenye ruta. Ujumbe wake unapita kwenye mtandao wa simu wenyewe. Mashine nyingi za risiti za kodi, zile ambazo TRA ilianza kuzitaka mwaka 2010, zina laini yao ndani. Walio hatarini ni wanaofungua akaunti za benki kwa kompyuta, wanaoingia barua pepe za ankara, na wanaolipa wauzaji wa nje. Tena tovuti za benki hutumia njia iliyofungwa, na kivinjari huonya pale cheti kisipolingana na jina. Onyo hilo likitokea, mtu afunge ukurasa. Karani aliyezoea kubonyeza "endelea" ili kazi iishe ndiye mwizi anayemtegemea.

Katika ruta mstari wa DNS uandikwe kwa mkono, ama ule wa kampuni inayotoa huduma, ama wa watoaji wanaojulikana: 8.8.8.8 wa Google, 1.1.1.1 wa Cloudflare, au 9.9.9.9 wa Quad9 ambao hukataa kumpeleka mtu kwenye anwani zinazojulikana kuwa za utapeli. Kisha utazamwe mara moja kwa mwezi, siku ile ya kufunga hesabu. Ukionekana umebadilika na hakuna aliyeubadilisha, ruta irudishwe kiwandani kwa sindano na maneno yote ya siri ya benki yabadilishwe kwa kutumia laini nyingine.

Mtandao wa wageni

Walionunua hisa za Vodacom Tanzania kwa shilingi 850 mwaka 2017, wengi wao wawekezaji wadogo, wanajua kwamba mapato ya kampuni za simu hupanda data inapotumika. Hakuna ubaya katika hilo, ndiyo biashara yao. Ila mfanyabiashara akumbuke kwamba kila megabaiti inayovuja nyumbani kwake ni mauzo kwa mwingine, na hivyo kampuni haina haraka ya kumfundisha jinsi ya kuziba.

Kuziba kunafanywa kwa mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi za miaka ya karibuni zinao. Ni jina la pili la Wi-Fi lenye neno la siri lake. Wateja, watoto na ndugu waliokuja msibani wapewe hilo. Kompyuta ya hesabu, printa na simu ya biashara zibaki kwenye jina la kwanza, ambalo halitajwi kwa mtu. Mgeni wa mtandao wa pili hapaswi kuona kilicho katika wa kwanza, na katika ruta nyingine unaweza kuwekewa kikomo cha kasi na hata saa za kufungwa. Mtoto akitaka video saa 6 usiku atakuta pamezimwa, na mzee hatalazimika kugomba.

Printa na kinasa cha kamera vitengewe anwani isiyobadilika katika ukurasa wa DHCP. Ruta hugawa anwani kwa kila kifaa kwa muda, na umeme ukikatika na kurudi huweza kuzigawa upya. Ndiyo sababu printa "hupotea" na fundi huitwa kwa fedha kuja kuitafuta. Ni kazi ya dakika mbili.

Ruta za mitumba na wajibu wa wauzaji

Kuna biashara ya ruta zilizokwisha kutumika, na wenye mtaji mdogo wana haki ya kununua rahisi. Lakini bei ya ruta haipo katika kibandiko peke yake. Mei 2018 ilitangazwa kwamba kirusi kiitwacho VPNFilter kimeingia katika ruta na vifaa vingine zaidi ya 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa vya majumbani na vya ofisi ndogo, na shirika la upelelezi la Marekani, FBI, likawaomba watu dunia nzima wazime na kuwasha ruta zao. Vilivyoingiliwa vingi vilikuwa na kasoro ambazo tayari zilikuwa zinajulikana. Ruta ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea marekebisho ya programu yake ya ndani ni ya hasara hata ikitolewa bure. Katika ukurasa wa mfumo huandikwa tarehe ya programu hiyo na kitufe cha kutafuta mpya. Tarehe ikiwa ya miaka sita nyuma na kitufe hakileti kitu, mnunuzi airudishe mezani. Akiinunua hata hivyo, airudishe kiwandani kwa sindano kabla ya kuweka laini, kwa kuwa mmiliki wa kwanza naye alikuwa na funguo zake.

Lakini si haki mzigo wote uwe juu ya mwenye duka. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2020, inayotaka vifaa vya aina hii viwe na neno la siri la pekee kwa kila kifaa au vimlazimishe mtumiaji kuweka la kwake kabla ya kuanza. Uingereza ilifuata, na tangu tarehe 29 Aprili 2024 ni kosa kuuza huko ruta yenye neno la siri moja kwa vifaa vyote, na muuzaji analazimika kusema ni hadi lini kifaa kitaendelea kupewa marekebisho ya usalama. Watengenezaji wakubwa ni wale wale wanaoleta bidhaa Dar es Salaam. Wameweza kutii kule, watashindwaje hapa?

TCRA imekwisha onyesha kwamba ikitaka kusafisha soko inaweza: Juni 2016 ilizima simu bandia nchi nzima, na walioziingiza walihesabu hasara yao kimya kimya. Ingefaa vibali vya ruta viambatane na masharti hayo mawili, neno la siri la pekee na tarehe ya mwisho ya marekebisho, yaandikwe kwa Kiswahili juu ya boksi. Wapo watakaosema bei itapanda. Kibandiko chenye namba ya pekee hakiwezi kupandisha bei kwa kiasi cha kumzuia mtu kununua, na ruta mpya nyingi tayari wanacho. Kinachokosekana ni tarehe, kwa sababu tarehe huonyesha wazi ni bidhaa ipi inamwagwa kwenye soko hili baada ya kuchokwa kwingine.

Kabla masharti hayo hayajawekwa, mnunuzi ana nafasi moja ya kujitetea, nayo ni akiwa bado kaunta na fedha ziko mkononi mwake. Amwambie muuzaji aiwashe ruta pale pale, afungue ukurasa wa mipangilio, amwonyeshe mahali pa kubadilisha neno la siri la usimamizi, mahali pa kuzima data za nje ya nchi, na tarehe ya programu ya ndani. Yote hayo hayazidi dakika tano. Muuzaji wa Tunduma akishindwa, duka la pili haliko mbali.